Mkono wa Chumvi

Mama alipoteza ladha kabla hajapoteza kitu kingine. Kabla miguu haijavimba, kabla pumzi haijawa fupi, kabla sisi wa nyumbani hatujajua kwamba binadamu ana figo mbili na kwamba zote mbili zinaweza kumchoka kwa pamoja. Ulimi ndio uliotangulia. Lakini sisi hatukujua kuwa ni ulimi. Tulidhani ni mkamwana wake.

Inabidi nieleze kwanza habari ya chumvi, maana asiyeijua hataelewa jinsi nyumba ya watu wanaopendana ilivyovunjika kwa kitu kinachouzwa kila kioski.

Mama alikuwa Mnyasa, mtoto wa ziwani. Baba ni Mmatengo wa milimani, mkulima wa kahawa na mahindi upande wa Namswea. Alikuwa akisema kwamba ujanani alishuka ziwani kununua samaki, akapandisha mke, na samaki akawasahau. Mama akaacha kanisa lake la Kianglikana akaingia la baba, akaacha ugali wa muhogo, akajifunza kuchimba ngoro, yale mashimo tunayolimia kwenye miteremko yetu, na Kimatengo akakijua mpaka akawa anagombeza nacho. Mambo ya kwao aliyaacha karibu yote. Jambo moja alikataa kuliacha.

Kwao, mwanamke aliye kwenye siku zake hatii chumvi kwenye chungu cha watu wote. Atapika, atakoroga, atapakua, lakini chumvi humwita mtoto mdogo aitie, au mama mtu mzima aliyekwisha koma hedhi. Ikikosewa, wanasema, walaji watakohoa, watakonda, watavimba miili. Hivyo ndivyo walivyofundishwa usichanani, na mama aliamini kama anavyoamini kwamba jua hutua upande wa ziwa. Nilipokuwa mdogo ilikuwa ni mimi ninayeitwa: "Njoo utie chumvi!" Nilikuwa naacha mchezo na kukimbia, kifua mbele, nikidhani nimepewa cheo. Siku niliyovunja ungo cheo kikaisha, na nilinuna wiki nzima.

Kaka yangu alipooa, mama alikuwa ameshavuka umri wa kuzaa. Wifi yangu alitoka Mkumbi, milimani vilevile, kwa watu wasiojua habari hizo za chumvi. Alikuwa msichana mrefu, mpole, mwenye mkono mwepesi jikoni, na alikuwa na tabia moja ambayo baadaye ilimponza: akiulizwa jambo, alijibu ukweli. Wiki ya kwanza mama alimwambia, "Mwanangu, pika vyote utakavyo. Chumvi niachie mimi." Wifi alicheka, akadhani ni utani wa wakwe. Alipoona mama hacheki, akainama akasema, "Sawa, Mama." Wakaishi hivyo vizuri miaka kadhaa, mmoja anapika, mwingine anatia chumvi, nasi tunakula.

Mkono wa mama ulikuwa na kipimo chake. Aliupata miaka ya shida, wakati chumvi na sabuni vilikuwa vya foleni na ukivipata unavificha chini ya kitenge usije ukaombwa njia nzima. Vidole vitatu, basi. Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Maduka yakajaa vitu, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kuingia na mizani zao mpaka uani, ghala la ushirika likabaki na kufuli lake na panya wake. Baba akang'oa nyasi za paa akaezeka mabati. Na chumvi ikaja ya pakiti, nyeupe, laini, mtu akanunua bila kumjua mwenye duka.

Kwa hiyo mboga zilipoanza kuzidi chumvi, hatukushangaa sana. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Tulikuwa tunarudi shambani tumechoka, tunakaa kula maharage, na kila mmoja anamtazama mwenzake. Baba alitafuna, akameza, akavuta kata ya maji. "Naona soko huria limeingia mpaka chunguni," alisema. Tulicheka sote, na mama alicheka kuliko sisi. Hakujua tunachochekea.

Kesho yake ilizidi tena. Na kesho kutwa. Hakuna aliyesema wazi, kwa sababu mkono wa mama haukosolewi na watoto aliowalisha, na baba akishatania huona ameshamaliza kazi yake. Tulikunywa maji tu. Lakini mtoto wa wifi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kula chakula cha wakubwa, akawa anatema kila tonge na kulia.

Wifi akatafuta njia ya adabu. Akaanza kutia chumvi mwenyewe mapema, kidogo inavyotakiwa, na mama akija na kopo lake anamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, leo nimeshatia."

Nilikuwepo siku ya kwanza. Mama alichota mchuzi na upawa, akadondosha kiganjani, akalamba. Akasimama kidogo. Akalamba tena.

"Umetia wapi? Hapa hamna kitu."

"Nimetia, Mama."

"Mimi mtoto? Nakuambia hamna kitu!"

"Basi ongeza, Mama," wifi alisema, na macho yake yakajaa machozi, naye alikuwa anachuchumaa mbele ya moto kwa hiyo aliweza kusingizia moshi.

Kuanzia hapo mama akawa analalamika kila mlo. Chakula cha mkamwana kimekuwa karatasi. Maharage hayana maana, mboga ya majani haina maana, hata usipa, dagaa wa kwao aliokuwa akiwatafuna wakavu akitembea, hawana maana. Alikula matonge machache, akasukuma sahani. Kwetu kusukuma sahani ya mkamwana si jambo dogo. Ni kusema ama hajui kupika, ama ndani mna kitu. Wifi alikuwa anaichukua ile sahani kwa mikono miwili na kuondoka nayo bila neno. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilikuwa natamani hata apige kelele, avunje kitu, amjibu. Hakujibu.

Kisha mama akavimba. Kwanza uso, asubuhi, macho yakawa madogo. Kisha miguu. Mchubuko mdogo wa tawi la mkahawa alioupata muundini wakati wa kuchuma ulikataa kupona. Ukikauka leo, kesho mbichi. Nywele zilitoka na kitana. Usiku na mchana alijikuna. Kila jambo tulikuwa na maelezo yake: uso ni usingizi, miguu ni milima, mchubuko ni nzi, nywele ni uzee. Nikiyakumbuka maelezo yale naumia, tulivyokuwa hodari wa kuyatunga.

Mama mkubwa, dada yake mama, akapanda kutoka ziwani kuja kumwona mgonjwa. Alikuja na gari la wachuuzi wa samaki, amebeba kiroba cha usipa, na hakupokea hata maji kabla hajamwona mdogo wake. Akampapasa mguu. Akaubonyeza kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki pale pale. Akalitazama kwa muda. Halafu akauliza, si kwa Kinyasa bali kwa Kiswahili, ili kila mtu uani asikie:

"Chumvi ya nyumba hii anatia nani?"

Hapakuwa na aliyejibu isipokuwa wifi.

"Shikamoo, Mama mkubwa. Siku nyingine mama, siku nyingine mimi. Mama alikuwa anazidisha."

"Hizo siku zako za kutia, ulikuwa msafi?"

Mwongo angeapa. Mwenye akili ya kujiokoa angesema ndiyo na yangeisha. Wifi alifikiri kwanza, akajibu, "Sikuwa nahesabu, Mama mkubwa."

Mama mkubwa akapiga makofi mara moja, akakaa chini, akaanza kulia kama tuko msibani.

Nilipiga kelele siku ile. Nilimwambia mama mkubwa kwamba nimesoma mpaka sekondari na chumvi ni chumvi, haijui mwezi wa mtu. Baba akaniambia nifunge mdomo, yule ni mama yangu. Kaka hakumfukuza mkewe, ili baadaye mtu asije akasema alifukuza; alinyamaza tu, akala kwa majirani, akalala akimpa mgongo. Baada ya Jumapili wifi alifunga kitenge chake, akamweka mtoto mgongoni, akaenda kwao Mkumbi kwa miguu. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Wifi alipiga magoti, akamwambia, "Mama, naenda kuwasalimu nyumbani." Mama alimpa mkono. Wote wawili walijua kwamba hiyo si safari ya kusalimu.

Nilimuuliza mama kama kweli anaamini. "Ulimi wangu haujawahi kunidanganya," alisema. "Chakula chake kilikuwa hakina ladha. Mimi ni shahidi."

Nikaanza kupika mimi. Ladha haikurudi. Akapika mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, anahema. Haikurudi. Akasema basi tatizo ni chumvi yenyewe, hii ya pakiti, wafanyabiashara wa siku hizi wameichanganya na unga. Baba akaenda kutafuta ile ya mawe, ya zamani. Mama akailamba. Akaitema kiganjani, akaitazama. Nadhani siku ile ndiyo aliyoanza kuogopa.

Tulimteremsha ziwani, kwa dada zake, kwa sababu huko ilikuwapo hospitali ya misheni na alikuwa anataka kuona maji ya kwao. Lori lilishuka kona kwa kona na yeye ameegemea magunia, mkono wake mmoja umeshika wangu. Hakulalamika. Kila kona ziwa lilipoonekana alisema, "Lile," basi.

Daktari alikuwa kijana, mgeni wa mkoa wetu, mwenye sauti ya kuchoka. Alimpima presha, akampima tena. Akachukua damu na mkojo. Akatazama kile kidonda cha muundini, akapitisha vidole kwenye nywele zake, akaona zilivyobaki vidoleni. Kisha akamuuliza swali ambalo sisi wote kwa miezi yote ile hatukuwahi kumuuliza hivyo.

"Mama, chakula unakisikiaje mdomoni?"

"Sikisikii," mama alisema. "Kama natafuna majivu. Chumvi siisikii kabisa."

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye. Akasema figo zake zimechoka, na zilianza kuchoka zamani, labda miaka, kwa presha ambayo hakuna aliyeipima. Figo ndizo zinazochuja uchafu wa damu na kutoa maji ya ziada, ndiyo maana amevimba. Akasema wagonjwa wa figo wengi hupungukiwa pia na madini fulani yanayoitwa zinki. Mwili unayataka kidogo sana, lakini hicho kidogo kikikosekana ulimi unaacha kuonja, chakula kinakuwa karatasi, hamu inakufa, vidonda vinagoma, nywele zinatoka. Na uchafu wenyewe wa damu unaharibu ladha vilevile. Hana kipimo cha zinki pale, alisema, lakini akimtazama hivi haoni ajabu.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa mapajani. Nilidhani angeuliza kama atapona, au angeuliza dawa.

"Kwa hiyo chumvi ilikuwemo," alisema.

Daktari hakumwelewa. "Chumvi gani, Mama?"

"Kwenye chungu. Alipotia, ilikuwemo."

"Ilikuwemo, Mama," nikamjibu mimi. "Siku zote ilikuwemo. Sisi tulikuwa tunaisikia."

Akainama. Machozi yalimtoka bila sauti, yakadondokea kwenye ile miguu iliyovimba, na daktari, aliyedhani analilia figo zake, akaanza kumpa moyo.

Masharti yalikuwa haya: chumvi aache kabisa. Maji kwa kikombe, apimiwe. Majani yachemshwe na maji yake yamwagwe. Maharage na dagaa kidogo mno, nyama na samaki kidogo. Nikamuuliza daktari hiyo zinki inapatikana wapi kwenye chakula. Akanitazama kwa huruma. "Nyama," alisema. "Samaki. Maharage." Yaani tulikuwa tunamnyima kwa mkono huu kile tunachokitafuta kwa mkono ule. Kuna vidonge, alisema, tujaribu kwenye maduka ya dawa Mbinga au Songea. Nilimbana: akivipata atapona? Hakunidanganya, na namheshimu kwa hilo. Alisema figo hazitarudi. Labda ulimi utarudi kidogo. Anayekula huishi zaidi ya asiyekula, hilo analijua. Kama zinki peke yake inaongeza siku, hajui, na hajui nani anajua. Mashine za kusafisha damu alizitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja nchi za nje.

Kaka alizunguka maduka ya dawa. Wakati ule maduka hayo yalikuwa yanafunguliwa kama uyoga, yamejaa chupa za rangi zote, lakini kila mahali alijibiwa vidonge hivyo hawavijui. Alirudi na dawa ya maji ya vitamini za watoto, iliyoandikwa zinki kwa herufi ndogo chini kabisa. Mama aliinywa kwa kijiko kila asubuhi. Wajukuu wa mama mkubwa walimwonea wivu.

Baba alikuwa amebaki milimani na kahawa. Nilipopanda kufuata nguo nilimweleza yote, na nikamweleza nilichokumbuka shuleni, kwamba zinki ndiyo ile inayopakwa juu ya mabati yasipate kutu. Baba akainua kichwa akalitazama paa lake. Wiki iliyofuata alishuka ziwani akiwa na dumu. Alikuwa ametega maji ya mvua kwenye michirizi ya mabati, akayachuja kwa kitambaa safi, akayabeba kwenye lori njia nzima akiwa amelipakata dumu asije mtu akalikalia. Mama akamtazama, akatazama dumu, akaanza kucheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu msimu wa kahawa.

"Mume wangu, sasa ndiyo umeamua kuninywesha nyumba?"

Alichovya kidole, akakilamba ili kumridhisha. "Hata mabati yako hayana chumvi," alisema. Baba naye akacheka. Nilimweleza taratibu kwamba maji yenyewe anapimiwa kwa kikombe. Aliinua dumu lake, akaenda nyuma ya nyumba, na nilimsikia akiyamwaga kwenye mchanga, polepole, mpaka yakaisha. Alikaa kule muda mrefu.

Jioni ile mama akasema anamtaka mkamwana wake.

Kaka alikwenda Mkumbi na kurudi peke yake. Mama yake wifi alimwambia kwamba binti yake si kuni, za kutupwa uani mvua ikinyesha na kukumbukwa moto ukizimika. Alikuwa na haki. Lakini baada ya siku kadhaa wifi alikuja mwenyewe, hakuna aliyemleta, mtoto mgongoni na fungu la majani ya maboga kichwani. Mama hakuwa na nguvu ya kunyanyuka tena. Alimshika mkono asiuachie, akasema, "Ulimi wangu, mwanangu. Ulikuwa ni ulimi wangu." Wifi akasema, "Yameisha, Mama."

Hayakuwa yameisha. Mama mkubwa alikuwa amekaa pembeni na mdogo wao wa mwisho, na habari za daktari walikuwa wamezisikia mara nyingi kutoka kwangu. "Daktari anajua figo," mama mkubwa alisema, bila kumtazama mtu. "Chumvi haijui." Na wifi alipopita na ndoo, wale wazee wawili walivuta nguo zao, kidogo tu, zisimguse.

Mama aliona. Kesho yake, mchana, akaagiza mkeka wake utolewe nje, karibu na moto. Akaagiza dada zake waketi. Wifi alikuwa anachemsha kipande kidogo cha mbasa, samaki mwenye mafuta wa pale ziwani, kwenye kichungu cha mgonjwa ambacho hakuna mwingine anayekitumia. Mchuzi ulikuwa unatoa mvuke. Mama akasema:

"Mkamwana wangu, nikuulize mbele ya dada zangu. Leo uko kwenye siku zako?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Wifi alifikiri kama kawaida yake. "Ndiyo, Mama. Leo niko."

Mama mkubwa alishika mdomo.

"Vizuri," mama alisema. "Lete kopo. Tia chumvi."

Nikaanza, "Mama, daktari alisema..." Akanitazama. Ni mtazamo ule ule wa utotoni, wa kukukalisha mbele ya wageni. Nikakaa.

Wifi alileta kopo la chumvi la mama mkubwa. Akalifunua, akachota kwa vidole vitatu, kipimo cha mama kilekile, tukaona sote nyeupe ile vidoleni. Akapeleka mkono ndani ya mvuke, akausogeza kuzunguka kichungu, akaurudisha. Akakoroga kwa mkono wa pili. Akapakua kwenye bakuli, akampa mama.

Mama alikunywa funda moja. Akafumba macho. Akanywa la pili, la tatu, yeye ambaye kwa wiki nzima alikuwa hazidishi vijiko viwili. Alimaliza bakuli lote mbele ya dada zake, akalirudisha, akajifuta mdomo.

"Imekolea," alisema. "Haijawahi kukolea hivi."

Nilijua anaongopa. Ile dawa ya watoto haikuwa imerudisha chochote. Asubuhi ileile nilimpa asali akaniuliza ni maji ya nini. Lakini alisema imekolea kwa sauti ya mtu aliyeshiba, na mama mkubwa akainamisha kichwa. Hakuomba radhi, watu wa umri wake hawaombi. Lakini mama alipofariki, kabla kahawa ya mwaka ule haijaiva, na masufuria makubwa ya msiba yako motoni, nilimwona mama mkubwa akipita katikati ya wanawake wote na kopo mkononi, akamkabidhi wifi.

Siku ile ya mbasa, mama alipojilaza, nilichukua kile kichungu kwenda kukiosha ziwani. Kulikuwa na mchuzi umebaki chini. Nilitaka kujua tu ni kiasi gani cha chumvi tulichomnywesha, nikamwambie daktari. Nikadondosha kiganjani, nikalamba. Nikalamba tena.

Hamkuwa na chumvi hata chembe.

Nikageuka. Wifi alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa maji, hatua chache kutoka kwangu, mkono wake wa kulia bado umekunjwa ngumi ndani ya kitenge. Akautoa, akaufungua. Chumvi ilikuwa imegandamana kiganjani kwa jasho. Akaisuuza ziwani, akiisugua kwa kidole gumba mpaka ikaisha yote.

"Daktari alikataza," aliniambia.

Kutoka uani tulisikia sauti ya mama, dhaifu, inamwita mkamwana wake. Wifi akaitika. Mama akasema, "Kesho utie hivyohivyo, mwanangu."

"Ndiyo, Mama," wifi alisema.

Na ndivyo alivyofanya, kila siku, mbele ya watu, mpaka mama aliposhindwa kumeza.